Somo la Mkono wa Kushoto

1

Somo la wiki liliingia Ijumaa, saa nne kasoro robo asubuhi, Subilaga Mwakatundu akiwa anamenya yai la kuchemsha juu ya bahasha ya kaki. Aliliweka yai chini, akajifuta vidole kwa leso, akafungua simu. Alikuwa mratibu wa kudhibiti maambukizi katika Hospitali ya Nyalumbo, juu kabisa kwenye mashamba ya chai, na cheo hicho kilimpa upendeleo mmoja tu: kuliona somo siku tatu kabla ya wenzake sitini. Jumatatu kila mmoja wao, kuanzia daktari mkuu hadi mfua mashuka, angelifungua kwenye simu yake, angelitazama kwa dakika kumi na mbili, kisha angesugua mikono mbele ya kamera mpaka Shangazi aridhike.

Shangazi lilikuwa jina la utani. Jina rasmi la mafunzo yale ya mtandaoni lilikuwa refu, lenye neno "endelevu" katikati, na hakuna mtu pale Nyalumbo aliyewahi kulitamka lote. Wauguzi walisema Shangazi kwa sababu aliona kila kitu, hakusahau, na alikuwa na sauti ya mtu ambaye amekwisha kukuonya mara ya kwanza.

Miaka ya nyuma masomo yake yalitoka mbali. Yalionesha hospitali zenye mabomba yanayojifungua yenyewe na korido ndefu za vioo, na watu wa Nyalumbo waliyatazama kama wanavyotazama video ya harusi ya watu wasiowajua. Halafu, miaka mitatu iliyopita, Shangazi alianza kuandika masomo kutoka kwenye vijidudu vya hospitali yenyewe. Kila asubuhi wahudumu walipangusa kingo za vitanda, vitasa na meza za dawa kwa vijiti vya pamba, wakavitumbukiza kwenye kisanduku chenye ukubwa wa redio kilichokaa maabara. Kila mfanyakazi alivaa bangili mbili nyembamba za mpira, moja kila mkono. Kisanduku kilisoma vijidudu. Bangili zilikumbuka mikono ilipita wapi. Shangazi aliunganisha.

Somo la Ijumaa ile lilianza na maandishi meupe: Wodi ya vichanga. Machi 14. Saa 2:11 asubuhi.

Vikatokea vitanda viwili vidogo, cha tatu na cha saba, vimechorwa kwa rangi ya majivu. Juu ya kitanda cha tatu kulikuwa na mikono miwili isiyo na mwili, ikibadilisha nepi. Mkono wa kushoto uligusa ukingo wa kitanda na vidole vikaanza kuwa vyekundu, polepole, kama kitambaa kilichochovywa kwenye rangi. Mikono ikaondoka. Ikafika kitanda cha saba. Mkono mwekundu ukakishika kichwa cha mtoto kwa nyuma, ukakiinua kidogo, ukabaki hapo. Wekundu ukahamia kwenye shingo, kwenye mdomo, kwenye mrija mwembamba wa pua.

"Sekunde ishirini za kusugua mikono zingeukata mnyororo huu," ilisema sauti ya Shangazi. "Mtoto alifariki siku ya tisa."

Kitu cha kwanza alichohisi Subilaga kilikuwa udadisi, na baadaye aliona haya kwa hilo. Lilikuwa somo bora kuliko yote aliyowahi kuyaona. Alirudisha picha nyuma ili atazame wekundu ulivyosafiri, mara ya pili, mara ya tatu, na ilikuwa kwenye ile mara ya tatu ndipo alipokiona kidole.

Kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakikujikunja. Vidole vinne vilikizunguka kichwa cha mtoto, na cha tano kilisimama peke yake, wima. Shangazi alikuwa ameondoa uso, jina, sare na namba ya bangili. Kidole alikiacha, kwa kuwa hakujua kwamba kidole nacho ni jina.

Pale Nyalumbo palikuwa na kidole kimoja tu cha namna ile. Kilivunjwa na mlango wa gari la wagonjwa miaka kumi na mbili iliyopita, na kilikuwa cha Sista Veneranda Ngole, mkuu wa wodi ya vichanga.

2

Alishuka wodini bila kuwa na hakika anakwenda kufanya nini. Veneranda alikuwa kwenye kikao cha bohari, na muuguzi wa zamu alikuwa akimnyonyesha mtoto mmoja kwa kikombe, kwa hiyo Subilaga alitembea peke yake kati ya vitanda.

Kutoka kitanda cha tatu hadi cha saba zilikuwa hatua tatu. Chupa ya kitakasa mikono ilining'inia ukutani karibu na mlango, mahali ilipofungwa na fundi ambaye hakuwahi kumhudumia mtoto yeyote. Kutoka kitanda cha tatu hadi kwenye chupa, hatua sita. Kutoka kwenye chupa hadi kitanda cha saba, hatua saba. Alizihesabu mara mbili, ya pili kwa mwendo wa kukimbia, na muuguzi wa zamu akainua macho kumtazama.

Kisha alichukua daftari la wodi na kutafuta Machi 14. Mwandiko ulikuwa wa Veneranda, wa kulalia upande mmoja.

Saa 2:11. Kitanda 7 ameacha kupumua. Amebadilika rangi, bluu. Ambu. Saa 2:16 amelia.

Subilaga aliusoma mstari ule akiwa amesimama. Katika somo hapakuwa na ambu, mpira wa kumpulizia mtoto hewa. Hapakuwa na rangi ya bluu wala kilio. Palikuwa na mkono wa kushoto tu.

Aliingia kwenye chumba cha mashuka, akafunga mlango, akafungua simu.

"Shangazi. Una hakika na mnyororo huu?"

"Nina hakika," ilijibu sauti. "Kijidudu kinapojinakili hukosea herufi moja hapa na pale katika maandishi yake ya urithi, kama mtu anayenakili barua ndefu kwa mkono. Nakala mbili zenye makosa yale yale zimetoka kwenye barua moja. Kijidudu cha kitanda cha tatu na kilichopatikana kwenye damu ya mtoto wa kitanda cha saba vina makosa yale yale, yote. Kati ya vitanda hivyo ulipita mkono mmoja tu ambao haukutakaswa."

"Yule mtoto wa kitanda cha saba alikuwa na hali gani saa mbili na dakika kumi na moja?"

"Swali hilo liko nje ya lengo la somo."

"Najua. Nakuuliza hivyo hivyo."

"Kitanda cha saba hakikuwa na kipimo cha pumzi. Ninasoma mikono, vitu vinavyoguswa na vijidudu."

"Kwa hiyo hujui kwamba alikuwa hapumui."

"Sijui. Wewe unajua?"

Subilaga aliitazama simu. Kwa miaka mitatu Shangazi alikuwa amemuuliza maswali elfu na zaidi, na kila moja alikuwa tayari analo jibu lake. Hili hakuwa nalo.

"Imeandikwa kwenye daftari," alisema. "Kwa kalamu."

"Sisomi daftari la kalamu," alisema Shangazi. "Je, unaidhinisha somo, au unazuia?"

"Nikizuia?"

"Kijidudu cha ukoo huu kimeonekana mwezi huu katika hospitali kumi na nne, kwenye nchi tano. Somo hili limepangwa kwenda kote huko. Likizuiwa, watapata somo la kawaida la hatua za kunawa. Somo linalotokana na tukio la kweli hupunguza maambukizi kwa theluthi moja zaidi ya lile la kawaida. Ukitaka, nitakupa makadirio ya idadi ya watoto."

"Sitaki," alisema Subilaga, na akafunga simu upesi kabla hajabadili mawazo.

3

Daktari Weston Tweve, mganga mfawidhi, alilitazama somo mara moja. Lilipoisha aliirudisha simu juu ya meza, akaisukuma kwa ncha ya kidole.

"Zuia," alisema.

"Dokta, kuna hospitali kumi na nne..."

"Zina waratibu wao, na mabomba yao, na matatizo yao. Mimi nina Veneranda. Amebakiza miezi mitano astaafu. Jumatatu saa tatu wote sitini watakiona hicho kidole. Jumanne soko zima litajua. Jumatano baba wa yule mtoto atakuwa getini na ndugu zake." Alivua miwani. "Unakumbuka ndugu wa mgonjwa walivyompiga muuguzi wetu Ezekia mwaka juzi? Na hata hakuwa zamu."

Subilaga alikumbuka. Ndiye aliyemshona Ezekia juu ya jicho.

"Tulipowavisha hizi bangili tuliwaahidi nini?" aliendelea daktari.

"Kwamba zinafundisha, hazishtaki."

"Basi. Tukiliachia hili, kesho kutwa nusu yao watazivua wakiingia wodini na kuziacha juu ya meza. Hapo hutakuwa na somo la kweli wala la uongo."

"Na mama wa mtoto?"

"Alisaini fomu siku ya kulazwa. Taarifa za mgonjwa zinaweza kutumika kwa mafunzo. Kisheria hatuna deni."

"Sikuulizia sheria, dokta."

Daktari Tweve alivaa tena miwani. Hakuwa mtu mbaya. Mara tatu mwaka ule alikuwa amelala kwenye kiti cha wodi ya wazazi kwa sababu hapakuwa na daktari mwingine. "Niambie utakachomwambia," alisema. "Sentensi ya kwanza tu. Ukiipata, nitakusikiliza."

Subilaga aliitafuta pale pale, akiwa amesimama, na hakuipata.

Aliporudi ofisini kwake aligusa neno Zuia. Zikashuka sababu za kuchagua, na akachagua ile ya juu: picha ina hitilafu.

"Picha haina hitilafu," alisema Shangazi. "Nimepokea uamuzi wako."

4

Jumamosi asubuhi mlango wa ofisi ulifunguliwa bila hodi. Veneranda aliingia amevaa sweta ya kijivu juu ya sare, kwa kuwa ukungu ulikuwa haujapanda bado na ofisi zote za upande ule zilikuwa baridi kama bohari.

"Suba," alisema, "nasikia jana umetembea wodini kwangu unahesabu hatua kama mpima viwanja."

"Shikamoo, dada. Nilikuwa naangalia mahali pa ile chupa."

"Marahaba. Kutoka kitanda cha tatu kwenda cha saba. Ukafungua daftari la Machi." Veneranda alibaki amesimama. "Ni yule mtoto. Ni mimi?"

Subilaga alikuwa na majibu matatu tayari, yote ya kweli nusu. Angeweza kusema uchunguzi haujaisha. Angeweza kusema bangili zimefichwa majina, jambo ambalo halikuwa uongo. Alimtazama mwanamke huyu aliyekuwa amevuka miaka thelathini ya kushika vichwa vidogo kuliko machungwa, na akaona kwamba amekuja na swali moja tu, na kwamba amelibeba muda mrefu.

"Ndiyo, dada. Ni wewe."

Veneranda alivuta kiti, akakaa. "Nioneshe."

Aliliangalia somo hadi mwisho. Aliomba alione tena. Mara ya pili mikono yake mwenyewe ilianza kusogea hewani juu ya meza, ikifuata ile ya kwenye simu, na Subilaga akageuza uso dirishani. Mara ya tatu Veneranda alilisimamisha pale kichwa cha mtoto kinapoinuliwa.

"Miezi miwili na nusu," alisema. "Kila nikivaa glavu najiuliza kama nilipita kwenye chupa. Nakumbuka rangi ya midomo yake. Nakumbuka ambu ilikuwa imelala upande usiofaa nikaigeuza. Chupa siikumbuki kabisa, kama vile siku ile haikuwepo ukutani." Aliinua macho. "Na wewe jibu ulikuwa nalo tangu jana, ukalifungia."

"Nilitaka kukulinda."

"Unilinde na kitu ambacho ninacho tayari?"

Veneranda aliisogeza simu karibu na mdomo. Hakuwahi kupenda kuongea na Shangazi. Aliongea naye kwa sauti kubwa, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Wewe. Umesema sekunde ishirini. Mtoto alikuwa nazo?"

"Sijui," alijibu Shangazi. "Jana mratibu amenieleza kwamba mtoto alikuwa hapumui. Sina kumbukumbu ya pumzi zake. Je, alikuwa nazo?"

Veneranda alifikiri. Alifikiri kweli, akiwa amefumba macho, na Subilaga aliona midomo yake ikihesabu.

"Ishirini pengine angekuwa nazo," alisema hatimaye. "Pengine. Lakini ukiongeza hatua sita za kwenda na saba za kurudi, hapana. Ingekuwa chupa ipo kitandani, ningeweza. Ningepiga mara moja tu nikisogea, hata kama si hizo ishirini zote." Akafumbua macho. "Na usidhani mimi ni malaika, andika na hilo. Zipo siku nimepita chupa ile kwa uvivu na hakuna mtoto aliyekuwa anakufa. Siku ile haikuwa mojawapo, lakini zipo."

"Nimeandika," alisema Shangazi.

"Liachie somo, Suba."

"Dada, watakijua kidole."

"Watakijua, ndiyo. Ndiyo maana Jumatatu nitasimama mbele yao kabla hawajalifungua, niwaambie mwenyewe. Mtu akitafuta jina atalipata lililo karibu, na huenda lisiwe langu. Nina wasichana wanne kwenye wodi ile." Alikunja mikono ndani ya sweta. "Ila kuna mtu mmoja inabidi asikie kabla yao."

Subilaga alijua ni nani. "Hatujawahi kumwambia mzazi jambo kama hili."

"Hatujawahi kulijua jambo kama hili. Zamani tulikuwa tunasema mtoto amepata maambukizi, basi, kama vile yamekuja na upepo. Sasa tunajua saa na dakika."

"Yeye anajua mwanawe alizaliwa kabla ya wakati na hakuweza. Amelikubali. Amerudi kazini." Subilaga alisita, kisha akasema lile lililokuwa likimkwama tangu jana kwa daktari. "Dada, huko tutakwenda kwa ajili yake, au kwa ajili yako?"

Nje mtu alikuwa akivuta ndoo kwenye sakafu ya korido.

"Sijui," alisema Veneranda. "Twende tukaone."

5

Tumpe Mwangoka aliishi kwenye nyumba za wachuma chai, safu ya tatu, mlango wenye pazia la maua. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Waliikuta ile nyumba wazi na yeye mwenyewe amekaa kwenye kigoda barazani, anapukuchua maharage kwenye ungo. Alikuwa na miaka kama ishirini na tatu. Alimtambua Veneranda mara moja, akaweka ungo chini na kusimama.

"Shikamooni. Karibuni, masista. Mume wangu amekwenda kwa kaka yake."

Waliitikia, wakapewa benchi. Tumpe akarudi kwenye kigoda chake, akaendelea na maharage.

Njia nzima Subilaga alikuwa akitafuta sentensi ya kwanza. Veneranda alikuwa nayo.

"Mama, nimekuja kukwambia jambo ambalo mimi mwenyewe nimelijua jana. Kijidudu kilichomuua mtoto wako kilitoka kwenye kitanda kingine. Kilibebwa na mkono wangu huu."

Maharage yaliacha kudondoka. Tumpe aliutazama ule mkono uliokuwa umenyooshwa mbele yake, kidole kimoja kikiwa kimesimama.

"Mlisema alikuwa njiti," alisema.

"Alikuwa njiti. Na hilo nalo ni kweli. Lakini alikuwa anaongezeka uzito. Bila kile kijidudu huenda angeishi."

"Mmejuaje?"

Subilaga alimweleza: vijiti vya pamba, kisanduku, bangili, barua inayonakiliwa na makosa yake, na somo lililopangwa kwenda hospitali za nchi tano. Alieleza vibaya, akarudia, na Tumpe alimkatiza mara mbili kwa maswali ambayo hata wanafunzi wa uuguzi hawakuwahi kumuuliza. Aliuliza kijidudu kilikaa muda gani kwenye mkono. Aliuliza kama kile kitanda kingine kilikuwa na mtoto pia, na mtoto yule yuko wapi. Yuko nyumbani, alisema Veneranda, hakukiugua hata siku moja. Kilikuwa kwenye ukingo wa kitanda tu. Tumpe alitikisa kichwa taratibu.

"Hilo somo mnalo hapo?"

"Tunalo."

"Nionesheni."

"Mama, si lazima," alianza Subilaga.

"Ni mwanangu, sista. Watu wa nchi tano wamuone, mimi nisimuone?"

Subilaga alimpa simu. Tumpe aliishika kwa mikono miwili, akainama juu yake mpaka kilemba chake kikaficha kioo. Waliisikia sauti ya Shangazi ikisema sekunde ishirini, ikisema siku ya tisa. Kisha walisikia linaanza upya.

"Huu wa kulia," alisema Tumpe, bila kuinua kichwa. "Huu mkono wa kulia ulikuwa unafanya nini?"

"Upi?" alisema Subilaga, akasogea.

Alikuwa amelitazama somo lile mara nane au tisa, na kila mara macho yake yalikuwa kwenye wekundu. Sasa aliangalia pale kidole cha Tumpe kilipogusa. Mkono wa kulia ulikuwa pembeni ya uso wa mtoto, wa rangi ya majivu, ukifumba na kufumbua, ukifumba na kufumbua, juu ya kitu ambacho Shangazi hakukichora.

"Ulikuwa unaminya ambu," alisema Veneranda. "Ule mpira wa kupulizia hewa. Alikuwa ameacha kupumua."

Tumpe aliinua kichwa. "Lini?"

"Hapo. Asubuhi ile."

"Mimi nilikuwa nimekwenda kunywa uji." Alilisema polepole, kama anayepita juu ya gogo. "Niliporudi alikuwa amelala. Nikawauliza anaendeleaje, mkasema vizuri."

"Ndiyo. Tulisema hivyo."

"Hamkuniambia."

"Hatukukwambia. Tulikuwa tumempata, tukaona ya nini kukutia hofu."

Tumpe aliweka simu juu ya maharage. "Usingemshika?"

"Angefariki saa ile ile. Ungerudi ukamkuta tumemfunika."

Jirani mmoja alipita na ndoo kichwani, akawasalimia, na wote watatu wakaitikia kwa adabu. Alipopotea nyuma ya nyumba Tumpe alianza kuhesabu kwa vidole. Alihesabu siku. Siku aliyofika babu wa mtoto kutoka Tukuyu, akamwombea. Siku walipompa jina. Siku mtoto alipomshika kidole kwa nguvu mpaka mama wa kitanda cha jirani akacheka. Alifika tisa na vidole vikabaki vimekunjwa.

"Yote hayo ni baada ya hapo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nina hasira na wewe, sista. Na ninataka kukushukuru. Sijui nianze na lipi."

"Anza na lolote."

"Ungenawa!" alisema Tumpe, na sauti ikapasuka.

"Ningenawa," alisema Veneranda.

Subilaga, aliyekuwa na hatua sita na hatua saba kwenye ncha ya ulimi, alizimeza. Tumpe alilia kwa muda, uso wake ameuzika ndani ya kitenge, na Veneranda alibaki amekaa na mikono wazi magotini bila kujaribu kumgusa. Machozi yalipokwisha Tumpe alipenga kamasi, akaokota punje zilizomwagika, akazirudisha kwenye ungo moja moja.

"Mmekuja kutaka nini hasa?"

"Kukwambia," alisema Veneranda.

"Na kukuuliza," alisema Subilaga. Hakuwa amepanga hivyo. Daktari angemwambia fomu ilikwisha kusainiwa. "Somo hili nimelizuia. Likitoka, litafundisha watu wengi, na huenda likaokoa watoto. Ukisema lisitoke, halitatoka. Mimi ndiye ninayeidhinisha, na sitaidhinisha."

"Jina lake litakuwemo?"

"Hapana. Ila hapa watu watajua."

"Wakijua, watakuja kumfanyia fujo sista."

"Wanaweza," alisema Veneranda.

"Mume wangu nitamwambia mimi. Nitamwambia na ule mpira." Tumpe alifuta viganja vyake kwenye kitenge. "Haya. Naweka wapi?"

Subilaga alifungua ukurasa wa ridhaa na kumnyooshea simu. Tumpe aliweka dole gumba kwenye duara. Simu ikakataa. Aliweka tena, akaweka la pili, akaweka vidole vyote vya mkono mmoja. Majani ya chai yalikuwa yameila mistari ya vidole vyake mpaka ngozi ikawa laini na nyeusi kama kokwa.

"Hata kusajili laini ya simu ilinisumbua hivi hivi," alisema.

"Unaweza kutoa ridhaa kwa sauti," alisema Shangazi. Tumpe alishtuka kidogo, akamtazama Subilaga, ambaye aliitikia kwa kichwa.

"Naitwa Tumpe Mwangoka. Mtoto aliitwa Lusekelo. Natoa ruhusa. Lakini si hivi lilivyo. Umeonesha mkono mmoja. Uoneshe yote miwili."

"Mkono wa kulia haukuwa na vijidudu," alisema Shangazi. "Ulifanya nini?"

Subilaga alifungua mdomo ajibu. Veneranda alimshika mkono, akamzuia.

Tumpe aliisogeza simu karibu. "Ulikuwa unampa pumzi," alisema, kisha akamgeukia Veneranda. "Mara ngapi, sista?"

"Arobaini kwa dakika. Kwa dakika tano, mpaka alipolia."

"Mara arobaini kwa dakika," Tumpe aliiambia simu. "Kwa dakika tano. Andika."